Kisigino cha Otto

Darla Vargo hakuwa na imani na sanduku lolote lenye matundu. Kila Jumamosi asubuhi aliegesha gari lake mbele ya duka la wanyama la Finley, akajimiminia kahawa kutoka kwenye chupa, akaukazia macho mlango. Mtu akitoka na sanduku la aina hiyo, amelikumbatia kifuani kama keki ya harusi, Darla alifunga skafu vizuri, akashuka, akavuka maegesho kwa mwendo wa mtu anayekwenda kudai chake.

"Samahani, bwana. Humo mna kinyonga?"

"Ndiyo. Umejuaje?"

"Sungura angekuwa anagonga. Wamekuuzia na bakuli la maji?"

"Wamesema lazima awe nalo."

"Kinyonga hanywi kwenye bakuli. Hulamba matone kwenye majani. Na taa nyekundu wamekupa?"

"Ya usiku, asisikie baridi."

"Usiku anataka giza, kama wewe. Haya, taa ya mionzi, ile ya kumkomaza mifupa, iko wapi?"

Hapo mtu alianza kutazama gari lake lilipo. Darla alimtia mkononi kadi yenye jina na namba ya simu, akamwambia apige leo leo, asingoje kesho.

Brent, meneja wa Finley, alivumilia kiangazi chote. Majani yalipoanza kupukutika alitoka nje na aproni yake ya kijani, mikono kiunoni.

"Bi Vargo, haya mambo tulishayamaliza."

"Tuliyamaliza nikiwa ndani. Sasa niko nje."

"Maegesho nayo ni yetu."

"Mpaka wapi?"

Brent akamwonyesha mstari wa manjano karibu na duka la donati. Darla akarudi garini, akalisogeza mpaka ng'ambo ya ule mstari, akazima injini. Tairi la mbele liliugusa mstari kidogo. Brent aliliona, na Darla alimwona akiliona.

Tukisema Darla alikuwa mtu wa kushuku hatumsengenyi, maana kwa miaka mingi ndiko kulikomlisha. Alikuwa mkaguzi wa madai katika kampuni ya bima hapo Toledo. Mtu akidai paa lake limeng'olewa na dhoruba, Darla ndiye aliyepanda ngazi kutazama kama misumari imeng'oka au imeng'olewa. Mtu akilia kwamba pete ya marehemu mama yake imeibwa, Darla alimpa karatasi laini ya kufutia machozi, kisha akamuuliza mama alikuwa akiivaa kidole kipi. Ofisini walimheshimu. Kwenye tafrija za ofisi hawakupenda kukaa meza yake.

Alipostaafu, mumewe Gene alifariki kwa maradhi ya moyo kabla hawajaenda hata ile safari moja ya kuona Tennessee. Nyumba ikawa kimya mpaka jokofu likiunguruma anashtuka. Siku moja alikwenda Finley kununua chakula cha paka wa mdogo wake, akamkuta kinyonga wa Yemeni amekaa kwenye kijiti, kishungi juu kama kofia ya askofu, jicho moja likimtazama yeye na jingine likimtazama Brent. Darla alijiona amepata mwenzake. Akamnunua pamoja na kila kitu alichoambiwa anunue: tangi la kioo, taa nyekundu, mchanga wa rangi, bakuli.

Kinyonga hakumaliza mwaka. Miguu ilianza kupinda kama waya, taya likalegea, na mwisho akawa analala chini hawezi kushika kijiti. Aliporudi dukani kuuliza, Brent alimwambia kwa upole kabisa, "Hawa hawaishi sana, mama."

Kilichomuuma Darla si kifo peke yake. Yeye, aliyekuwa akinusa uongo hata kupitia ukuta, alikuwa amemwamini kijana wa aproni. Alikwenda kwa wafugaji wa zamani kule Detroit, akamtafuta daktari wa wanyama watambaao Ann Arbor, akauliza, akasoma, akauliza tena. Alipomchukua kinyonga wa pili, jike aliyemwita Magda, alimweka kwenye kizimba cha wavu chenye majani mengi, na Magda aliishi akanenepa. Tangu hapo akaanza kuwasaidia wengine.

Kusaidia kwake kulikuwa na namna yake. Ukimpigia simu, hakukuuliza hali. Aliuliza nani kakuuzia, lini, kakwambia nini, na una ushahidi gani. Alitaka picha ya kizimba, picha ya taa, picha ya mnyama kwa ubavu, picha ya kinyesi. Ile sehemu nyeupe ya kinyesi ikiwa imegeuka manjano, na wewe umesema unanyunyizia maji kila asubuhi, basi alikwambia pale pale kwamba unasema uongo.

"Unawatisha," alimwambia mdogo wake Ruthann, aliyekaa nyumba ya pili na kuja kila Ijumaa na sufuria la kuku wa paprika.

"Nawaokolea wanyama wao."

"Wanyama sawa. Wenyewe je? Juzi nimepokea simu yako ukiwa bafuni, yule mama alianza kuomba msamaha kabla hata hajajua mimi ni nani."

"Basi ana la kuombea msamaha."

Ruthann alicheka mpaka akaweka kijiko chini. "Gene alikuwa na moyo mkubwa kweli, Mungu amrehemu."

Lonnie Treadwell alipiga simu mara ya kwanza baada tu ya Sikukuu ya Shukrani, Novemba ikiisha. Alikuwa mtu wa Rossford, ng'ambo ya mto, mfanyakazi wa kiwanda cha vioo, mwenye sauti nene na adabu nyingi. Kinyonga alikuwa wa mkewe Noreen, dereva wa malori ya masafa marefu, ambaye alimnunua Finley, akampa jina Otto, na baada ya wiki mbili akapata mzigo wa kwenda magharibi, na baada ya huo mwingine.

"Ameniachia mimi, mama. Mimi hata mbwa sijawahi kufuga. Kila jioni ananipigia anataka kumwona. Akifa huyu, mimi nahama."

"Taa yako ya aina gani?"

"Ya... ya kawaida, mama. Ya Finley."

"Nilijua. Sikiliza."

Darla alimsomesha. Kizimba cha wavu, kisogezwe mbali na tundu la hewa ya moto, maana tanuru la nyumba hukausha hewa majira ya baridi mpaka ngozi ya mtu inapasuka, seuze ya kinyonga. Mmea halisi, si wa plastiki. Maji ya kunyunyizia asubuhi na jioni. Nyenje wapakwe unga wa kalsiamu kabla ya kuliwa. Taa ya mionzi ndefu, si ile fupi ya kujikunja. Kila neno Lonnie alilijibu "ndiyo, mama", na picha zikaanza kuja. Otto alikuwa dume zuri, na kwenye kisigino cha kila mguu wa nyuma alikuwa na kile kijipembe kidogo ambacho madume huzaliwa nacho.

Kitu cha kwanza kilichomkaa vibaya Darla ni utiifu huo. Katika kazi yake, mdai asiyebisha alikuwa wa kuogopwa kuliko anayepiga meza. Kisha, karibu na Krismasi, Lonnie alinyamaza kwa siku kadhaa. Aliporudi alisema Otto amekuwa "mchangamfu zaidi". Baada ya mwaka mpya akanyamaza tena, akarudi tena. Safari hii picha zilipigwa kwa mbali, gizagiza, majani mengi kuliko mnyama.

"Sogea karibu," Darla alimwambia.

"Anaogopa simu, mama."

"Zamani hakuogopa."

"Amekua sasa, nadhani. Amepata aibu."

Ijumaa hiyo Darla aliziweka picha zake mbili kwenye kompyuta, moja ya Novemba na moja ya juzi, akazikuza mpaka zikawa kama ramani. Ruthann alikuwa nyuma yake anakausha sahani.

"Tazama kisigino."

"Kisigino cha nani?"

"Cha Otto. Hapa kuna kijipembe. Hapa hakuna."

"Labda kimekatika."

"Hakikatiki. Huyu si Otto."

Ruthann aliinama, akatazama, akainuka. "Haya. Kwa hiyo mtu ana vinyonga wawili. Mpeleke mahakamani."

Lakini Darla alikuwa ameshapanda ngazi kichwani mwake. Kwa nini mtu adanganye kuhusu mnyama wa mkewe? Na huyo mke, nani aliwahi kumsikia? Mtu anayeuliza maswali yale yale kila wiki, anayekubali kila kitu, anayehifadhi kila jibu lake kwenye simu. Akamwona Brent na aproni yake akisimama mbele ya wakili, na huyo Lonnie nyuma yake na simu iliyojaa maneno ya Darla kuhusu Finley, maneno mengine yakiwa makali kweli. Alianza kukumbuka alichoandika.

Akaamua kumtega, kama alivyokuwa akiwatega wa paa na wa pete. Asubuhi ya pili alimpigia, akazungumza kuhusu unga wa kalsiamu, halafu kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, akauliza:

"Na lile jeraha la mguu wa kushoto, tulilolizungumzia mwezi wa kumi na moja, limeponaje?"

Hapakuwahi kuwa na jeraha. Lonnie alikohoa kidogo.

"Ah, lile. Limepona kabisa, mama. Huwezi hata kuliona."

"Hakuna jeraha, Lonnie."

Darla hakumngoja ajibu.

"Halikuwapo, na huyo uliye naye si Otto. Sasa niambie, ni Brent aliyekutuma? Mnarekodi? Maana kama mnarekodi, nasema kwa sauti: mtu anayeuza mnyama asimjue ni mwizi, na anayemsaidia ni mwizi mwenzake."

"Mama, mimi..."

"Mimi nimewahoji waongo kabla wewe hujajua kufunga viatu. Otto yuko wapi?"

Simu ikakatwa. Darla aliiweka mezani, akajisikia vizuri sana, kama zamani alipofunga faili. Akamlisha Magda mende wawili, akafagia jiko, akampigia Ruthann kumweleza. Ruthann alisikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Na huyo mnyama mwenyewe, yukoje?"

Swali hilo ndilo lililomrudisha kwenye kompyuta. Safari hii hakutafuta uongo. Alitazama picha ya mwisho kama vile imetumwa na mtu asiye na hatia. Mnyama hakuwa juu kwenye majani. Alikuwa chini, pembeni mwa kizimba, pale kwenye chungu cha mmea. Ubavu ulikuwa umevimba kwa vinundu, kama soksi iliyotiwa njugu. Ngozi ya kijani ilikuwa na madoa ya manjano na samawati. Na vidole vya mbele vilikuwa na udongo.

Darla alikaa polepole. Jike. Jike mwenye mayai, maana majike wa Yemeni hutaga hata bila kuona dume, na huyu alikuwa anachimba kwenye chungu cha maua kilichojaa mizizi, pasipo na nafasi hata ya kuzika njugu. Asipopata mahali huyazuia mayai tumboni, yanamwozea, anakufa. Na yeye mwenyewe alikuwa ametumiwa picha hiyo siku tatu nyuma, akatazama kisigino tu.

Alipiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena, akaandika ujumbe, akafuta, akaandika mwingine. Hakukuwa na jibu, na nani angejibu? Rossford alipajua, lakini mtaa hakuujua. Katika siku zake za bima angepata anwani kabla kahawa haijapoa, lakini sasa alikuwa mstaafu mwenye jina na namba isiyopokelewa. Palibaki mahali pamoja tu.

Theluji ilikuwa imefunika mstari wa manjano. Darla aliegesha karibu kabisa na mlango wa Finley, akaingia. Brent alikuwa kaunta akipanga mifuko ya mbegu za ndege. Alipomwona aliinua mikono.

"Hapana. Hapana, Bi Vargo. Leo naita polisi kweli."

"Waite, lakini kwanza nisaidie. Kuna mteja wako, Lonnie Treadwell. Nataka kumpata."

Brent alimkodolea macho. "Simu yako iko wapi?"

"Ya nini?"

"Itoe. Iweke hapa niione. Unanirekodi."

Darla, aliyekuwa ameamini jambo hilo hilo juu ya Brent tangu jana, aliitoa simu, akaiweka juu ya kaunta kifudifudi.

"Ana jike anayetaka kutaga," Darla akasema, "na hajui. Ameuziwa kwa jina la dume."

"Sisi hatuuzi majike."

"Unawatofautishaje?"

Brent aliusogeza mfuko wa mbegu. "Karatasi ya makao makuu inasema ni madume."

"Brent. Mpigie tu."

"Kwa nini usimpigie wewe? Si ni mtu wako? Kila akija hapa anakutaja. 'Bi Vargo kasema hivi, Bi Vargo kasema vile.' Mimi nimewauzia watatu, mkewe mmoja na yeye wawili, na kila mara—" Masikio yakawa mekundu.

"Watatu?"

"Sikusema hivyo."

"Watatu kwa nyumba moja, ndani ya miezi michache, na hukumuuliza kitu?"

"Nilimuuliza!" Brent alipandisha sauti mpaka kasuku wa nyuma akajibu. "Nilimwambia, mwambie yule mama yako kwamba wanakufa, labda anajua. Unajua alichoniambia? Alisema hawezi. Alisema wewe hufoki, ni mbaya zaidi ya kufoka. Hapa anakuja kwa sababu mimi nasema 'pole sana, bwana', namfungia mwingine. Basi. Ndiyo siri yangu kubwa."

Darla alitaka kusema kwamba ndivyo matapeli wote wanavyofanya, wanasema pole. Alikuwa na sentensi nzima mdomoni. Akaimeza, ikashuka kwa shida.

"Mpigie kwa simu ya duka," alisema. "Yangu hapokei."

Brent alimtazama muda, akihesabu hila iko wapi, kisha akainua simu. Ikaita mara moja tu.

"Brent!" Sauti ya Lonnie ilisikika mpaka upande wa pili wa kaunta, changamfu, sauti ambayo Darla hakuwahi kuisikia. "Afadhali umepiga, bwana. Huyu wangu anachimbachimba kama mbwa, sijui ana wazimu..."

Brent akampa Darla mkono wa simu.

"Usikate, Lonnie. Ni Darla. Usiposema neno ni sawa, sikiliza tu. Hujafanya kosa. Ana mayai, anatafuta mahali pa kuyazika. Nataka ndoo ya plastiki kubwa na mchanga wa kuchezea watoto. Ukinipa anwani nakuja navyo."

Kisha, pole pole kama mtu anayesoma kibao kwa mbali, Lonnie alitaja namba ya nyumba na mtaa.

Ndoo na mchanga vilikuwapo pale pale Finley. Brent alivibeba mpaka garini, na Darla, kwa mazoea, aliusoma mfuko wa mchanga pande zote kabla hajafunga buti.

Lonnie alikuwa jitu la mtu, mwenye mikono ya kubebea vioo, na alifungua mlango kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Hawakusalimiana sana. Kwenye chumba cha kufulia walimimina mchanga, Darla akaulowanisha mpaka ukashikana mkononi bila kudondosha maji, akatoboa shimo la kuanzia kwa kidole. Walimhamisha yule jike kwa kijiti chake, akavimba, akafungua mdomo kuwatishia wote wawili.

"Sasa funika pande zote kwa shuka," Darla alisema, "tutoke."

"Tusimwangalie?"

"Akiona anatazamwa ataacha shimo, na safari nyingine hatachimba tena. Kama hajataga kufikia Jumatatu, tunampeleka Ann Arbor kwa daktari. Mpaka hapo, hatufungui mlango huu."

Kwa Darla hilo lilikuwa gumu kuliko yote. Alikaa jikoni amegeuzia mlango mgongo, na kila mara shingo ilitaka kugeuka. Lonnie alipasha supu ya kopo, akaleta biskuti za chumvi.

"Kwa nini hukuniambia?" Darla aliuliza hatimaye. Alijitahidi lisitoke kama swali la ofisini, na halikufaulu sana.

Lonnie alivunja biskuti vipande vidogo ndani ya supu. "Siku ile ya kwanza, mama, uliniuliza maswali mpaka nikajiona nimeshamuua, na alikuwa hai. Sasa alipokufa kweli..." Akainua mabega. "Ile taa uliyonitajia, Brent alisema ya kwake ni sawa tu. Nikachukua ya kwake. Na wewe nikakwambia nimenunua yako. Ningeanzia wapi?"

"Na wa pili?"

"Alifanya kama huyu. Akachimba, akalala, akafa. Nikadhani ni mimi tena."

Darla alikoroga supu ambayo haikuhitaji kukorogwa. Alikuwa amewashika watu wengi kwenye uongo maishani, lakini hakukumbuka hata mmoja aliyemfanya atamani kutokuwa amemshika. "Huyo wa pili hakuwa kosa lako," alisema. "Wa kwanza kidogo."

Lonnie alicheka bila kutaka, supu ikampalia.

Saa ya Noreen ikafika, simu ikaita. Uso wa mwanamke mwenye kofia ulijaa kwenye kioo, na nyuma yake taa za kituo cha malori Nebraska. Darla alijivuta pembeni asionekane, akatega sikio ajue kama sauti ni ya mke kweli.

"Haya baba, nionyeshe mtoto wangu."

Lonnie alimtazama Darla. Darla aliangalia biskuti. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa chumba kimoja na mtu anayetaka kukiri bila kumsukuma.

"Noreen, umeegesha?"

"Nimeegesha. Una nini?"

"Otto alikufa kabla ya Krismasi."

Taa za Nebraska zilimeremeta. "Na huyo ninayemwona kila siku?"

"Ni wa tatu."

Simu ilikatwa. Lonnie aliiweka mezani, akaifunika kwa kiganja. Dirishani gari la kukwangua theluji lilipita na kelele zake, likaenda. Darla alifikiri kumwambia kwamba wanawake hupoa, akakumbuka yeye mwenyewe, akamsogezea biskuti. Ndipo simu ikaita tena.

"Huyo wa sasa ni dume?"

"Ni jike. Anataga sasa hivi. Haturuhusiwi kumtazama."

"Nani kasema?"

"Bi Vargo. Yuko hapa."

"Yule anayekutisha?" Noreen alivuta kamasi, na Darla akajua machozi hayo si ya kuigiza. "Mwambie asante. Wewe nitakushughulikia nikifika nyumbani. Na nipigie akimaliza, usinidanganye tena hata kwa yai moja."

Alimaliza siku ya pili mchana. Lonnie alipiga mwenyewe, akipaza sauti kama yuko kiwandani: ametoka shimoni amekonda, amejaa mchanga mpaka kwenye macho, ameziba shimo vizuri na sasa yuko juu kwenye majani analamba matone haachi. Alituma picha. Darla aliikuza, akatazama kisigino, akatazama ukucha uliopungua wa mguu wa mbele, akalinganisha na picha ya juzi. Alikuwa yule yule. Ndipo alipofurahi.

Noreen aliporudi alimpa yule jike jina la Otilia, akamwachia Lonnie zamu zote za kuosha vyombo mpaka Pasaka, na taa ya mionzi ndefu akaifunga mwenyewe. Otilia yu hai mpaka leo.

Finley hawakubadilika sana. Karatasi ya makao makuu bado inasema bakuli la maji. Lakini Brent alianza kuandika namba ya Darla kwa kalamu nyuma ya risiti, na Darla alishuku tangu siku ya kwanza kwamba anamletea wateja wenye hasira ili wasimfokee yeye. Alimuuliza waziwazi.

"Ndiyo," Brent alisema. "Ulidhani nini?"

Wale wenye hasira Darla aliwamudu. Waliomsumbua ni wanaopiga na sauti ndogo. Alfajiri moja ya mwezi wa tatu, Ruthann akiwa amekuja kuazima sukari, simu iliita.

"Hujambo, mama. Nina... nilimnunua kinyonga mwezi uliopita."

Swali la nani kakuuzia lilifika mpaka kwenye meno. "Anaendeleaje?" Darla akauliza.

"Vizuri. Anaendelea vizuri tu." Mwanamke alisita. "Kwa kweli anaendelea vizuri sana."

Darla alijua huo ni uongo, na alijua hata uko wapi. Ruthann alikuwa amesimama na kikombe cha sukari, akimtazama. Darla alivuta kiti, akakaa, akamngoja aseme mwenyewe.